Beseni la Tatu

Shangazi yangu hamwamini mtu. Sisemi hivi kumsengenya. Muulize mwenyewe atakwambia, tena kwa kujivuna. Mkate akiununua anauvunja kati na kuunusa kabla hajatoka dukani, mwenye duka akimkodolea macho. Maziwa anayaonja kwa ncha ya ulimi, kisha anasubiri, kama vile yatakiri yenyewe. Mwenye nyumba akipita kutusalimia vizuri, mlango ukifungwa tu shangazi anasema, "Huyu ana jambo lake." Amenilea tangu kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki, na mimi nimekua nikidhani kila mtu mzima hunusa kijiko kabla ya kula.

Kazi yake ilimfaa kuliko kazi nyingine yoyote ambayo angeweza kupewa. Alikuwa mchambuaji wa karanga kwenye kiwanda kilicho nyuma ya gereji, mwisho wa barabara yetu. Chumba chao nilikijua, maana nilipokuwa shule nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana: meza ndefu ya bati, taa za mirija juu yake, madirisha ya wavu, na vumbi jekundu la ngozi za karanga lililoingia mpaka kwenye nyusi. Wanawake walikaa pande zote mbili, vitambaa kichwani, mikono ikienda mbio. Midomo nayo haikulala. Habari zote za mtaa zilichambuliwa pale pale pamoja na karanga.

Mbele ya kila mmoja palikuwa na mabeseni matatu. La kwanza lilikuwa la karanga safi, zinazokwenda kupakiwa na kuuzwa. La pili lilikuwa la vipande, karanga ndogo na zilizochubuka. Hazina ubaya wowote, ila hazina sura ya kuuzwa. La tatu, dogo, lenye mfuniko, lilikuwa la zenye kuvu, na hilo lilikwenda moja kwa moja kwenye shimo la moto. Karanga yenye kuvu si ya kuchezea. Wakati mwingine utaona unga wa kijani, wakati mwingine ni doa la njano tu unaloweza kulipita, lakini sumu yake ukiikaanga ipo, ukiichemsha ipo. Shangazi alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Beseni la pili ndilo lililotulisha. Kila Ijumaa lilimwagwa pamoja na ya pili ya wenzake, likagawiwa wafanyakazi, na wenyewe waliliita fungu. Meneja alijua kuhusu vipande. Asichokijua ni kwamba mikono ya wanawake wale ilikuwa ikiteleza. Karanga nzima, nene, isiyo na kasoro hata chembe, inateleza inaangukia beseni la pili. Iliteleza sana, hasa Alhamisi.

Nyumbani tulikuwa watatu: shangazi, mimi ninayefua mashuka ya nyumba ya wageni, na binti yangu, ambaye shangazi alimbandika jina la Kibogoyo kwa sababu meno yake yalichelewa. Uji wa Kibogoyo kila asubuhi ulikuwa na karanga zilizosagwa, kwa kuwa nyama na mayai si vitu vya kila siku kwa mshahara wa mfua mashuka. Kilichobaki kilivuka korido kwenda kwa fundi cherehani, jirani yetu, mwenye mapacha wanaokula kama nzige. Shangazi alikuwa mtu wa kushuku, lakini mchoyo hakuwa.

Halafu ikaja habari ya kamera.

Kiwanda kilimleta binti mmoja wa kompyuta, mwembamba, mwenye begi mgongoni na adabu nyingi, na adabu ndiyo iliyomponza. Aliwaamkia wote mmoja mmoja. Akawaeleza kwamba itakuja mashine ya kuchambua karanga kwa kuziangalia, na ili ijue kutofautisha lazima kwanza ifundishwe. Angewapiga picha mikono yao wakiwa kazini, siku kadhaa, kisha kompyuta itazipitia picha zile na kujifunza karanga gani inawekwa wapi.

"Yaani tumfundishe mtu atakayetufukuza," shangazi aliniambia jioni ile, akivua viatu. "Na bado anatuita mama."

"Labda hana ubaya, shangazi. Ametumwa."

"Wote wametumwa. Hujaona? Haangalii karanga yule. Anaangalia mabeseni."

Hapo ndipo alipolipata wazo lake, na wenzake wakalipokea kwa mikono miwili. Beseni la pili likionekana kwenye picha, wakubwa watakuja kuona karanga nzima zilizojaa humo, na fungu litakuwa limekwenda na maji. Basi kamera ikiwaka, kila mtu ana mabeseni mawili tu. Nzuri huku, mbaya huku. Vipande vitupwe pamoja na kuvu, na binti akishafunga begi lake watavitenganisha upya kwa mkono.

Binti aliuliza, nasikia, tena zaidi ya mara moja.

"Mama, makundi ni mawili tu?"

"Mawili," shangazi alimjibu, macho makavu. "Nzuri na mbaya. Kwani wewe unajua kingine?"

Alinisimulia huku anacheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka naye. Kumpiga chenga mtu wa kompyuta si jambo la kila siku.

Mashine ilipokuja ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Karanga zinamiminwa juu, zinapita kwenye mkanda, zinaanguka mbele ya jicho la kamera lenye mwanga mkali, na isiyotakiwa inapulizwa na hewa ikiwa bado hewani, pyu, inaangukia upande mwingine. Pembeni kuna kioo kinachoonyesha kila karanga ikiwa ndani ya kisanduku, cha kijani au chekundu. Meza ya bati ilitolewa nje. Wanawake wengi walimwaga unga wiki ile ile, na waliobaki ni wachache wa kumimina magunia, kushona mifuko na kufuta vumbi kwenye jicho. Shangazi alikuwa miongoni mwao.

Mtu mwingine angeshukuru. Yeye aliuliza kwa nini amebakizwa.

"Wananiweka karibu wanichunguze," alisema. Akaanza kwenda kazini na kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, akiamini kamera inatazama watu na karanga ni kisingizio. Siku moja alitupia kifungo cha blauzi kwenye mkanda, kikapulizwa. Akatia karanga nzuri aliyoipaka masizi, nayo ikapulizwa. "Inajua," aliniambia kwa sauti ya chini, jikoni kwetu, kana kwamba ingetusikia toka kule.

Lakini kilichomkosesha usingizi zaidi ni mlango wa nyuma wa mashine. Mbele kulikuwa na midomo miwili: mmoja wa karanga za kuuza, mwingine wenye mfuko unaoning'inia, wa zile zilizopulizwa, ambao watu wa meneja waliufunga na kuuondoa wenyewe. Nyuma kulikuwa na mlango wa bati uliokazwa kwa skrubu, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Shangazi akaamua kwamba zenye kuvu zinaingia huko, maana ni lazima ziwe zinaingia mahali, na pengine na nzuri nyingine ambazo meneja anajiuzia kimyakimya. Hakumuuliza mtu. Kwake yeye, kuuliza ni kumwonyesha adui mahali ulipofika.

Ijumaa ya kwanza ya mashine hapakuwa na fungu. Jumatatu alikwenda ofisini kwa meneja akiwa na wenzake wote nyuma yake, na hata waliofukuzwa waliitwa wakaja, wakajaza korido mpaka kwenye ngazi.

"Fungu ni letu," alisema. "Lilikuwepo kabla yako, bosi. Ukituwekea mashine sawa, lakini usitutie mchanga kwenye kitumbua."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Meneja aliinua macho kwenye simu yake, akawatazama, akasema, "Zinazoangukia upande wa pili chukueni. Sina kazi nazo. Tena nitawasagia kabisa na kuwatilia kwenye makopo, sitaki karanga za kiwanda changu zionekane zimemwagwa sokoni. Na hao walioachishwa wapewe pia."

Basi. Mtu anayekupa haraka hivyo, siku nyingine yoyote shangazi angetaka kujua anaficha nini. Siku ile alikuwa ameshinda, na ushindi ulimziba pua. Alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara. Mpaka leo anasema meneja alijua. Mimi nasema hakujali kujua, na sioni kama hilo ni afadhali.

Makopo yakaanza kuja. Karanga zilizosagwa laini, za rangi ya udongo mwekundu, nyingi kuliko fungu la zamani. Fundi cherehani alipata kopo lake kila wiki, mapacha wakawa wanapaka kwenye mkate. Mimi nilisikia uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi.

"Mbona ni chungu hivi?"

"Wameziunguza wakati wa kukaanga," shangazi alisema. "Mashine hiyo, utategemea nini? Mtilie mtoto sukari."

Nikamtilia. Kibogoyo alikuwa ameanza kutembea akishikilia ukuta, na uji ule aliupenda, anapiga sahani kwa kiganja akitaka mwingine.

Halafu mashine ya kusagia ya kiwanda ikaharibika, na Ijumaa ile wakagawiwa karanga kama zilivyo, kwenye mifuko ya karatasi.

Jumamosi mchana shangazi alitandika mkeka mlangoni, kwenye mwanga, akamimina mfuko wake kwenye sinia atoe mawe kabla ya kupeleka kusaga mtaani. Mimi nilikuwa nimempakata Kibogoyo namlisha uji wa kopo la wiki iliyopita. Tulikuwa tunazungumza jambo la kipuuzi kabisa, pazia la mwenye nyumba, nakumbuka. Vidole vya shangazi vilianza vyenyewe, kama vilivyozoea. Vipande upande huu. Nzima upande ule. Na nyingine akazisukuma kwenye pembe ya sinia, bila kufikiri, pale ambapo siku zote palikaa beseni la tatu.

Lile fungu la pembeni likakua. Likawa kubwa kuliko mafungu mengine mawili yakiwekwa pamoja. Za kijani, za kijivu, zilizonyauka, zenye doa la njano kwenye mdomo. Mikono yake ikasimama. Sijawahi kuiona mikono ile ikisimama kazi ikiwa haijaisha.

"Huo uji," alisema. "Uache."

"Bado kidogo amalize."

"Acha nakwambia. Mpe maji."

Nikatazama sinia. Sikuhitaji kuelezwa, mimi ni mtoto wa mchambuaji. Nililiweka bakuli chini mbali na mtoto, mbali sana, kama vile lingemrukia, na nilimchukia shangazi wakati ule. Nasema kweli. Nilimchukia kwa kunusa kwake kote, kwa maziwa ya watu na mikate ya watu, na hiki hakukinusa.

"Labda ni mfuko huu tu," nilisema.

"Twende," akasema. "Nataka nikaone huo mlango wa nyuma."

Nilimfunga Kibogoyo mgongoni tukaenda. Jumamosi kiwanda hakisagi wala hakipakii, lakini binti wa kompyuta alikuwepo, amepiga magoti mbele ya mashine na bisibisi mkononi. Alitusalimia, akamchekea mtoto. Shangazi hakuitikia.

"Fungua huko nyuma."

"Huko ni feni na nyaya tu, mama."

"Fungua."

Alifungua. Skrubu moja moja, tukisimama juu yake. Ndani kulikuwa na feni na nyaya, na vumbi jekundu lililoganda. Shangazi aliinama akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akautoa mtupu.

"Zenye kuvu zinatokea wapi?" aliuliza.

"Hapa," binti alisema, akagusa mdomo wenye mfuko. "Zote mbaya zinatokea hapa."

"Na vipande?"

"Vipande pia. Ni pamoja." Alitutazama kwa zamu, akaona hatumwelewi, au tunamwelewa kupita kiasi. Akawasha kioo akatuonyesha picha zile za mikono. Niliitambua mikono ya shangazi hata bila kuambiwa, pete ya shaba kwenye kidole cha kati. Mkono unachukua kipande safi, unakiweka pamoja na kuvu. Unachukua kingine, unakiweka pamoja na kuvu. Picha baada ya picha. "Inagawa mara mbili, mama. Mliniambia ni mawili."

Shangazi aliuficha mkono wenye pete nyuma ya mgongo. Ningefurahi kama angemtukana.

"Kwani upande huu wa pili mnaupeleka wapi?" binti akauliza. "Si mnachoma?"

"Wanatusagia," nilisema mimi. "Tunakula."

Uso wa yule binti ulibadilika rangi. Alimtazama Kibogoyo mgongoni kwangu, akashika simu akampigia meneja pale pale, na sauti yake haikuwa na adabu hata kidogo. Kisha akatuambia alichokijua: kwamba sumu ya kuvu inaharibu ini polepole, kwamba kwa watoto inazuia kukua, kwamba haionekani mpaka iwe imefanya kazi. Tuache leo hii. Tumpeleke mtoto zahanati. Na kama kuna wengine waliopewa, tuwaambie.

Zahanati walimpima uzito, wakamfunua macho, wakambonyeza tumbo akacheka. Hana homa. Macho meupe. Muuguzi alisema tumrudishe kila mwezi waangalie anavyokua, na kwamba kwa sasa hana la kutuambia zaidi. Nilitaka aniambie ni mzima, au aniambie ni mgonjwa. Nilitoka na neno "kwa sasa" na tangu siku ile nimekuwa nikimtazama mtoto wangu kama shangazi anavyotazama maji ya bomba.

Jioni haijaingia shangazi alivuka korido kwa fundi cherehani. Nilimfuata, mtoto amelala mgongoni. Fundi alikuwa anapinda sketi za shule, mguu kwenye pedali, mapacha wamejilaza chini na mabaki ya vitambaa.

"Fundi, lile kopo nirudishie," shangazi alisema. "Na kama kuna la zamani, nalo."

"Kwa nini, dada?"

"Lina sumu. Zimesagwa humo karanga za kuvu."

Pedali ikasimama. "Nani kasema?"

"Nimeziona mwenyewe. Na binti wa kompyuta kasema."

"Yule uliyesema ni mpelelezi?"

"Yule. Hakuwa mpelelezi. Mimi ndiye niliyemdanganya, nikamficha beseni, mashine ikajifunza vibaya. Nirudishie, fundi. Watoto wasile."

Sijawahi kumsikia shangazi akisema maneno kama hayo kwa mtu yeyote, na alipoyasema niliona aibu na huruma kwa pamoja. Fundi alimtazama kuanzia kitambaa hadi ndala.

"Wiki zote karanga zilikuwa nzuri," alisema taratibu. "Mmekula, tumekula. Leo mashine ya kusaga imekufa, makopo hakuna, ndiyo makopo yangu yamekuwa sumu?"

"Fundi, nakuapia."

"Naona wamekutisha huko. Au wamekupa kitu."

Shangazi aligeuka akatoka. Nilidhani amekasirika, kumbe alikwenda kwetu akarudi na kopo letu na kijiko. Alipiga magoti kando ya mfereji wa maji machafu mbele ya mlango wa fundi, akakomba karanga zile zote, donge kwa donge, akazitupa na kuzipondea kwenye tope kwa ngumi ili hata kuku wasizipate. Mapacha waliamka wakaja kutazama. Fundi alisimama mlangoni, mikono kifuani, akaangalia mpaka kopo likabaki tupu na kijiko kikagonga bati.

"Hilo ni moja," alisema. "Mengine umeyaficha wapi?"

Shangazi alibaki amepiga magoti. Hakukasirika wala hakubisha, kwa sababu yeye mwenyewe, angekuwa ndiye aliyesimama pale mlangoni, asingeuliza kitu kingine. Mmoja wa mapacha alirudi ndani, akavuta kigoda hadi kwenye rafu ya nyuzi, na tulimsikia akifungua kopo.